Nani Ahariri Kanuni? Utaratibu wa Mapendekezo katika Ethereum

Blokucheni ni daftari la hesabu ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta zilizotawanyika duniani, na hapana benki wala serikali iliyokabidhiwa nakala ya asili. Kila kompyuta hukagua kila ingizo kwa kanuni zile zile. Ingizo likipatana na kanuni hukubaliwa, lisipopatana hukataliwa. Hayo wasomaji wengi wamekwisha kuyasikia. Lisiloulizwa mara nyingi ni hili: kanuni zenyewe zikihitaji kubadilishwa, nani azibadilishe, na kwa utaratibu gani?

Swali hili si la siasa peke yake. Ikiwa baadhi ya kompyuta zitafuata kanuni mpya na nyingine zikabaki na za zamani, daftari moja huwa mawili, na kila moja hudai kuwa ndilo la kweli. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika blokucheni iitwayo Ethereum mwaka 2016. Tarehe 17 Juni mtu asiyejulikana alitumia kasoro iliyokuwamo katika programu ya mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO, akahamisha etha zipatazo milioni 3.6, etha ndiyo sarafu ya Ethereum. Tarehe 20 Julai kanuni zilibadilishwa ili fedha hizo zirudishwe kwa wenyewe. Walio wengi walikubali. Wachache walikataa, wakaendelea na daftari la zamani, ambalo hadi leo laitwa Ethereum Classic.

Jumuiya hiyo ilikuwa na waraka wa kuongoza mapendekezo tangu mwaka 2015, nao huitwa EIP-1. Sehemu kubwa yake ilitokana na waraka wa Bitcoin wa mwaka 2011, ambao nao ulitokana na ule wa watengenezaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kila pendekezo hupewa namba. Sharti liwe na muhtasari, maelezo kamili ya kitaalamu, hoja za kuchagua njia hii badala ya nyingine, na sehemu inayoeleza hatari za kiusalama. Lisilo na sehemu hii ya mwisho haliwezi kuendelea mbele, hata likiwa zuri namna gani.

Maelezo ya kitaalamu yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwani hapo ndipo mwanafunzi aweza kuona kwa nini umbo la maandishi ni jambo la sayansi. Tuseme mtu anapendekeza kwamba ada ya kila malipo ipunguzwe kwa nusu. Sentensi hiyo inaeleweka na kila mtu. Lakini kompyuta za namna hii huhesabu kwa namba nzima tu. Ada ikiwa 7, nusu yake ni 3 au ni 4? Mtengenezaji programu mmoja atashusha, mwingine atapandisha, na wala hawajapata kuonana. Siku kanuni hiyo itakapoanza kutumika, kompyuta za huyu zitakataa hesabu za yule, na daftari litapasuka kwa sababu ya neno moja ambalo halikuandikwa. Ndiyo maana pendekezo hutakiwa kueleza jambo hata wageni wawili wakiandika programu mbili, majibu yawe yale yale.

Wanaopokea mapendekezo huitwa wahariri. Kazi yao ni kukagua kama pendekezo limekamilika na linaeleweka. Si kazi yao kuamua kama lina hekima. Pendekezo huanza kama rasimu, hupita katika mapitio, kisha hutolewa wito wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa siku 14. Likikaa miezi sita bila kuguswa, huandikwa kuwa limedumaa.

Je, umbo na hekima vyaweza kutenganishwa kweli? Mwaka 2018 jambo hili lilijaribiwa. Mnamo Novemba 2017 mtu mmoja alijifanya mmiliki wa programu ambayo mamia ya pochi za etha zilizotengenezwa na kampuni ya Parity ziliitegemea, kisha akaifuta. Etha 513,774 zikafungika: zaonekana daftarini, lakini hapana awezaye kuzihamisha. Miezi michache baadaye likaletwa pendekezo namba 867. Halikuomba fedha za mtu yeyote zirudishwe. Liliomba tu kwamba maombi ya namna hiyo yawe na muundo mmoja unaojulikana.

Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni kazi ya karani. Lakini wengi walipinga vikali, wakiona kwamba ukichapa fomu ya maombi umekwisha kufungua dirisha la kuyapokea. Mhariri mmoja alijiuzulu Februari 2018 kwa kuhofia kwamba kulipitisha kungeweza kumgonganisha na sheria za Japani. Mimi naona wapinzani walikuwa na haki katika hoja ya dirisha. Walilosahau ni kwamba mwaka 2016 fedha zilirudishwa bila dirisha lolote, na aliyeitaka kanuni ya kumlinda siku ile hakuipata.

Mwezi Aprili likafuata pendekezo namba 999, ambalo liliomba waziwazi etha za Parity zifunguliwe. Wenye etha walipiga kura, na takriban asilimia 55 ya kura ilikataa. (Kura hizo zilihesabiwa kwa sarafu, si kwa vichwa, mwenye etha elfu moja alikuwa na uzito wa watu elfu wenye etha moja moja.) Kura hiyo haikumfunga mtu, kwani mwamuzi wa mwisho ni mwenye kompyuta, anayechagua programu ya kuiendesha. Hata hivyo pendekezo halikutekelezwa.

Mwalimu aweza kuligawa darasa makundi mawili. La kwanza liandike ombi la kufungua etha hizo, lenye sehemu zote zilizotajwa hapo juu. La pili liwe la wahariri, nao wakatazwe kabisa kusema kama wanaliafiki. Mwalimu ahesabu mara watakazoshindwa kujizuia, na ni katika sehemu ipi ya pendekezo.