Sheria za Kazi: Mafunzo Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Sheria ya kazi hugusa pande tatu: mfanyakazi, mwajiri, na chama kinachowasemea wafanyakazi. Uhusiano wa pande hizo unaonekana bayana katika historia ya Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na uliofungamana na Unguja kwa biashara ya pembe za ndovu.

Mapatano ya Wapagazi

Katika karne ya 19, mizigo mingi ya njia hiyo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32. Kabla ya kuondoka, pande mbili zilipatana juu ya malipo, ambayo mara nyingi yalikuwa vitambaa, na juu ya posho ya njiani. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini palikuwa na ada iliyojulikana na wote. Tajiri aliyezidisha uzito au kupunguza posho aliweza kukuta mizigo imetuliwa chini na kambi nzima imekataa kuondoka. Wengine walitoroka usiku. Kwa kuwa msafara haukwenda bila mabega ya watu, tajiri alilazimika kukaa nao na kuzungumza.

Kutoka Ada Hadi Sheria

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Mwaka 1923 utawala wa Uingereza ulitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kushitakiwa kwa jinai. Kutoroka, ambako zamani kulikuwa silaha ya mpagazi, sasa kukawa kosa la kumfikisha mahakamani.

Vyama vya wafanyakazi vilipewa sheria yake mwaka 1932. Nguvu yao ilidhihirika mwaka 1960, pale wafanyakazi wa reli ya Tanganyika walipogoma kwa siku 82. Mgomo wa muda kama huo una gharama kwa kila upande: mfanyakazi hukosa mshahara, mwajiri hukosa mapato, na mwananchi husubiri mzigo wake.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1962 ilitaka migogoro ipitie usuluhishi na baraza la uamuzi. Mwaka 1964 vyama viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya usalama wa kazi iliyombana mwajiri asifukuze watu ovyo. Hivyo mfanyakazi wa Tanganyika alipata ulinzi wa ajira, lakini akapoteza hiari ya kuchagua chama.

Hali ya Sasa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na ikatambua uhuru wa kujiunga na chama. Mgomo unaruhusiwa, isipokuwa katika huduma za lazima, endapo usuluhishi umeshindikana, wanachama wamepiga kura na mwajiri amepewa taarifa ya saa 48. Anayefuata hatua hizo hawezi kufukuzwa kihalali kwa sababu ya kugoma. Anayeziruka hujinyima kinga hiyo.

Ni vyema ikafahamika kwamba kazi si jambo la Muungano. Zanzibar inazo sheria zake: Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 na Sheria ya Ajira Namba 11, zote za mwaka 2005.

Watumishi na wananchi wanakumbushwa kusoma mkataba kabla ya kuutia saini, na waajiri kuutimiza kama ulivyoandikwa. Ahadi ni deni. Mpagazi wa Tabora aliijua posho yake kabla hajaunyanyua mzigo. Mfanyakazi wa leo naye ayajue masharti yake kabla ya siku ya kwanza ya kazi.