Imani Isiishie Kanisani

Wanachama wenzangu, Mkristo hutambulikana kwa kuimba kwaya Jumapili tu? La hasha!

Mnamo Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu nchini. Tarehe 16 mwezi huo huo, Luwum aliuawa.

Sisi hatujadaiwa uhai wetu. Lakini Luka 16:10 yafundisha kwamba uaminifu hupimwa kwanza katika madogo. Je, rafiki akikupitishia mwakenya kwenye mtihani, utakataa? Mono akinyang'anywa mkate bwenini, utamtetea au utajifanya umelala?

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Basi jamani, tuanzie hapa hapa shuleni!