Tulipoambiwa Tusubiri: Somo kutoka Tamthilia ya The Terror



Mpendwa kijana mwenzangu, wiki mbili zilizopita mdogo wangu alirudi nyumbani hapa Kiseke na flashi yenye sizoni nzima ya The Terror, vipindi kumi. Tulianza kuangalia saa mbili usiku, tukalala saa nane. Kesho yake tukamalizia. Mdogo wangu aliogopa lile dubwana. Mimi niliogopa kitu kingine, na ndicho kimenifanya niandike somo hili.

Kipi ni kweli, kipi ni cha kubuni?

Tarehe 19 Mei 1845 meli mbili za jeshi la majini la Uingereza, Erebus na Terror, ziliondoka chini ya Sir John Franklin kutafuta njia ya bahari inayopita kaskazini mwa Kanada. Zilikuwa na injini za mvuke, maktaba, na vyakula vya makopo vya kutosha miaka mitatu. Walioingia kwenye barafu walikuwa wanaume 129. Septemba 1846 meli zikanaswa karibu na Kisiwa cha King William. Franklin akafariki Juni 1847. Aprili 1848 waliobaki hai, watu 105, wakaziacha meli wakaanza kutembea kuelekea kusini wakiongozwa na Kapteni Francis Crozier. Hakurudi hata mmoja.

Dubwana linaloitwa Tuunbaq ni la kubuni. Limetoka kwenye riwaya ya Dan Simmons ya mwaka 2007, ambayo ndiyo iliyozaa tamthilia hii ya mwaka 2018. Lakini njaa na maradhi ni kweli. Hata suala la watu kula miili ya wenzao ni kweli, maana alama za visu zimeonekana kwenye mifupa iliyopatikana.

Wengi mnauliza: je, Mkatoliki anaruhusiwa kuangalia vitu vya kutisha? Kiukweli, swali zuri zaidi ni hili: nikizima runinga, nimebaki na nini? Kama umebaki na hamu ya damu tu, acha. Kama umebaki na swali kuhusu roho yako, kaa nalo. Ila hii si ya watoto. Ina damu nyingi na mambo mengine ya watu wazima. Usiangalie na wadogo zako wa shule ya msingi.

Mtu wa sala aliyekataa ushauri

Katika tamthilia, Franklin si mpagani wala mkatili. Ni mtu mpole, anayesali, anayewaongoza mabaharia wake kwenye ibada. Crozier, aliyeifahamu barafu vizuri, anamwonya mapema: tukienda mbele tutanaswa. Franklin anamsikiliza kwa adabu, kisha anaendelea na safari, akizungumza kana kwamba Mungu ameshatia sahihi kwenye mpango wake. Baadaye Crozier anaomba kikosi kitumwe kwa miguu kutafuta msaada. Franklin anakataa tena.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Nilimjua yule mtu. Yule mtu ni mimi.

Mwaka juzi nilikuwa kiongozi wa vijana kwenye kigango chetu. Tulikodi boti kwenda kisiwa kimoja kwa mafungo ya siku mbili. Siku ya kurudi, Jumamosi alasiri, mzee aliyekuwa nahodha wetu alisimama mwaloni akitazama ziwa. Akaniambia, "Mwanangu, tusubiri. Lile wingu si zuri."

Nikamjibu, "Mzee, kesho tunaimba Misa ya kwanza. Tumesali rozari nzima. Mungu yupo."

Akasema tena, "Tusubiri hata saa mbili tu."

Nikawageukia vijana wenzangu nikauliza kwa sauti, "Jamani, tuna imani au hatuna?" Wote wakapiga makofi. Mzee akanyamaza, akawasha injini.

Tulikuwa watu 26. Majaketi okozi yalikuwa 18. Hilo nalo nililijua tangu asubuhi ya kwenda.

Katikati ya safari upepo ukatukuta. Maji yakaanza kuingia. Tukawa tunayatoa kwa ndoo na sufuria tulizopikia. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, mdogo kuliko wote, hakuwa na jaketi. Alinishika mkono akawa ananiuliza, "Kaka, tutafika?" Sikuwa na jibu. Mzee aligeuza boti akaikimbiza nyuma ya mwamba, tukakaa pale mpaka usiku. Tulifika salama.

Sasa sikiliza nilichofanya Jumapili. Nilisimama kanisani baada ya Komunyo nikatoa ushuhuda jinsi sala zetu zilivyotuliza ziwa. Watu walishangilia. Mzee sikumtaja kabisa. Sikusema kwamba alituambia tusubiri, wala kwamba ni yeye aliyetuokoa. Yule binti aliacha kwaya mwezi uliofuata. Nikasema hana imani.

Kanisa linaitaje hali hii?

Fungua Mathayo 4:5-7. Shetani anamtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya Hekalu, na anatumia maneno ya Maandiko kumshawishi. Yesu anakataa kumjaribu Mungu. Umeona hatari ilipo? Kishawishi hakikuja kwa sura ya kutokuamini. Kilikuja kimevaa imani.

Katekisimu (KKK 2119) inalitaja kosa hili kwa jina: kumjaribu Mungu, yaani kuuweka wema wake na uwezo wake kwenye mtihani kwa maneno au matendo. Namba 2092 inaongeza dhambi ya kujiaminisha kupita kiasi, ambayo inapingana na tumaini. Soma pia Methali 15:22 kuhusu mipango isiyo na washauri, na Yakobo 4:13-16 kuhusu wanaopanga safari bila kuyaweka mapenzi ya Mungu mbele.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda kwenye barafu ili tuelewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilitakiwa kubeba watu 101. Waliofariki walikuwa zaidi ya 220. Naamini wengi wao walisali asubuhi ile. Mungu hakuwaacha, nasi tuwaombee pumziko la milele. Lakini sala haiongezi nafasi kwenye chombo kilichojaa.

Safari nyingine, ziwa letu wenyewe

Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika watano, wakiongozwa na Padri Leon Livinhac, walifika Kageye, upande wa Magu. Njiani walikuwa wameshamzika mwenzao, Padri Pascal. Walikuwa na haraka ya kufika Buganda. Lakini hawakujitupa ziwani wote kwa pamoja. Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakatua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Wengine walisubiri Kageye mpaka Kabaka Mutesa alipotuma mitumbwi kuwachukua. Lourdel ndiye Mapeera, aliyewafundisha dini wengi wa Mashahidi wa Uganda. Kusubiri kwao hakukuwa uhaba wa imani.

Na kule kwenye barafu, Wainuit walijua mengi. Mwaka 1854 John Rae alipeleka Uingereza habari walizompa kuhusu mwisho wa wale mabaharia. Wengi walikataa kuamini, hata mwandishi Charles Dickens. Erebus ilipatikana mwaka 2014 na Terror mwaka 2016, na simulizi za Wainuit zilisaidia kuonyesha pa kutafuta. Wenyeji walikuwa wanasema kweli.

Nilichofanya

Siku mbili baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda kitubio. Padri aliniambia nimtafute mzee, kisha yule binti.

Mzee nilimkuta anashona nyavu. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alicheka kidogo, akasema, "Na mimi nilikosa. Mkono ulioiwasha injini ni wangu. Siku nyingine ukiambiwa subiri, subiri."

Binti alinisikiliza bila kusema kitu. Hajarudi kwaya. Pengine hatarudi, na sina haki ya kumlazimisha. Jumapili ijayo nimeomba dakika mbili baada ya Misa, nisahihishe ule ushuhuda.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya

1. Ni lini umetumia jina la Mungu kumnyamazisha mtu aliyekuwa anakupa ushauri wa kweli?
2. Nani ndiye "mzee wa boti" katika maisha yako sasa hivi, na anakuambia nini?
3. Je, kuna ushuhuda uliowahi kuutoa ambao unahitaji kusahihishwa?

Tusali

Ee Bwana, unisamehe kila nilipoita kiburi changu imani. Unifundishe kusali na kusikiliza. Uwapokee wote waliozama katika ziwa letu, na uwafariji wanaowangoja hadi leo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.