Somo la Uraia kwa Wakazi wa Nyumba ya Mungu

Tangu Bwawa la Nyumba ya Mungu lijengwe katika miaka ya 1960, samaki wake wamewavuta watu wa mbali kuja kuishi kandokando ya maji. Asiye raia miongoni mwao anaweza kuomba uraia wa tajnisi.

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, humtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe pia na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Mwenye mzazi raia, naye akazaliwa nchini, haombi tajnisi. Ni raia kwa kuzaliwa.

Mwombaji huhojiwa. Wengi hukariri Uhuru, 9 Desemba 1961, na Muungano, 26 Aprili 1964, wakaishia hapo. Ni vema wajue pia historia ya Upare wenyewe: mwaka 1945 maelfu ya wananchi walikusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kodi yote. Walikataa kukadiriwa kila mtu kwa mali yake. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana, na mbiru ikafutwa.

Jambo la kupima mapema nyumbani ni hili: mtu mzima anayepewa tajnisi hulazimika kuukana uraia wake wa awali.