Usiipe Programu Ufunguo wa Sanduku

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huo karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata, akaufuta. Sasa tuseme hukuusoma wewe. Umesomwa na programu ya akili mnemba uliyoiweka kwenye ofisi yako ya utalii hapo Moshi mjini, ipitie barua pepe na kulipa wanaokuuzia mahema na gesi. Ujumbe una adabu, una nembo ya muuzaji unayemjua, unasema akaunti imebadilika. Programu haichezwi na machale. Kama umeiruhusu kulipa, itabadilisha namba na kulipa kabla hujamaliza chai.

Programu hizi zina faida, na mwenye ofisi ya watu wanne anazihitaji kuliko tajiri. Ila kila kazi unayoipa, jiulize kwanza: ikikosewa, inarudi? Kutafsiri barua ya mgeni, kupanga vyakula vya msafara wa kupanda mlima kwa njia ya Machame, kukumbusha kwamba mitungi imepungua, hayo iyafanye yenyewe. Kutuma fedha, kufuta kumbukumbu, kumwondoa mpagazi kwenye orodha ya safari na kumtajia mgeni bei, hayo yamsubiri mtu.

Bei nimeitaja kwa makusudi. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria aliyefiwa na bibi yake, kwa kuwa programu ya mazungumzo kwenye tovuti yao ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nafuu ya nauli. Shirika lilijitetea kwamba programu hiyo inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Utetezi ukakataliwa.

Fungua basi sehemu ya ruhusa za watumiaji. Programu iwe na akaunti yake, isitumie ya mwenye kampuni, na ianze na ruhusa ya kusoma na kuandaa rasimu tu. Namba ya siri ya simu au ya benki usiiweke humo kamwe.

Halafu tazama ukurasa wa kuidhinisha malipo. Ukituma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri, na wengi tumeokolewa na jina hilo. Ukurasa wako nao uonyeshe nani analipwa, kiasi gani, kwa kazi gani, na ujumbe uliosababisha malipo. Kitufe cha "Thibitisha" peke yake hakitoshi. Namba ya mpokeaji ikiwa mpya, mpigie muuzaji kwa namba yake ya zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Nani aidhinishe? Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vijijini hutunza fedha kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Fuata utaratibu huo: aliyeagiza malipo asiwe ndiye anayeyapitisha, na kiasi kikubwa kipitishwe na wawili.

Biashara ya mlima ina tatizo lake. Mwenye kampuni akipanda na wageni siku sita, mtandao ni wa kubahatisha. Baadhi ya programu zinaweza kupangwa ziendelee zenyewe muda fulani ukipita bila jibu. Zima mpangilio huo. Ukimya uhesabiwe kuwa hapana, na mbadala wako ateuliwe kabla hujafika getini.

Ninachokihofia zaidi ni mazoea. Mtu akiletewa maombi arobaini ya idhini kwa siku, kidole hubonyeza kabla jicho halijasoma. Punguza maombi yabaki yale yenye uzito, na mara moja kwa mwezi weka kwa makusudi ankara yenye kosa uone kama itakamatwa.

Wageni wako wamekuachia pia nakala za pasipoti na taarifa za afya zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuwajibisha kwa taarifa hizo, na inampa mtu haki dhidi ya uamuzi mzito unaomhusu uliofanywa na mashine peke yake.

Kabla hujafunga ofisi leo, angalia kama programu yako inaweza kutoa fedha bila mtu. Kama inaweza, ondoa ruhusa hiyo kwanza. Mengine uyapange kesho.