Elimu ya Uhandisi wa Programu na Makaratasi Yake

Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja wa hapa pwani, mtu wa makamo mwenye duka, naye atuuliza jambo ambalo yamkini wazazi wengi wanalo vifuani mwao. Asema kwamba mwanawe yumo katika mwaka wa pili wa chuo kikuu, asomea elimu ya kompyuta. Mwaka wa kwanza alifundishwa kuandika programu, akafuzu vyema, na watu wa nyumbani wakafurahi. Mwaka huu ameingia katika somo liitwalo uhandisi wa programu, na baada ya wiki tano tu akapiga simu kusema kwamba ataka kuacha chuo. "Hatufundishwi kitu, Baba, twaandikishwa makaratasi na kukalishwa vikao pamoja na wavivu." Karo ya muhula huu imepatikana kwa kuuza kipande cha shamba. Basi mzee huyu auliza: Je, mwanangu asema kweli? Na ikiwa si kweli, ni kitu gani kinachofundishwa humo?

Sisi si watu wa fani hiyo, wala hatukupenda kujibu kwa dhana. Tulikaa na wanaoisomesha, tukafunua na daftari za wanaoisoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kuandika programu ni jambo moja, na uhandisi wa programu ni jambo jingine. Ajuaye kupasua mbao na kupigilia misumari ni fundi, hapana shaka. Lakini si kila fundi wa namna hiyo aweza kuunda jahazi litakalopakia watu na mali likafika salama. Programu ya mwaka wa kwanza huandikwa na mtu mmoja, husomwa na mwalimu mmoja, na baada ya kupata alama hutupwa. Programu izungumzwayo katika somo hili huandikwa na watu wengi, hutumiwa na watu wasioonana na walioiandika, na yaweza kuishi miaka ishirini baada ya waandishi wake kutawanyika. Jina lenyewe la fani lilipata kuenea baada ya mkutano uliofanywa Garmisch, Ujerumani, mwezi wa Oktoba 1968. Wataalamu walikusanyika hapo kwa sababu programu kubwa za zama hizo zilikuwa zikichelewa, zikipita gharama zilizokadiriwa, na zikitoka na makosa mengi. Wakachagua neno "uhandisi" makusudi, ili kuwakumbusha watu kuwa kazi hii yahitaji nidhamu kama ile ya wajengao madaraja.

Sasa tuyatazame hayo makaratasi ambayo kijana ayalalamikia. Natuchukue mfano wa duka la babake mwenyewe. Tuseme kundi la wanafunzi limepewa kazi ya kutengeneza programu ya kuweka madeni ya wateja. Mwenye duka atawaambia, "Nataka iandike nani anadaiwa nini." Maneno matano tu, na kijana aliye hodari aweza kukaa usiku mmoja akaimaliza. Lakini mteja akilipa nusu, je? Mtoto akija kuchukua sukari kwa jina la babake, deni ni la nani? Bei ikipanda kati ya siku ya kukopa na siku ya kulipa, itahesabiwa ipi? Mdaiwa akifa, daftari litaonyesha nini kwa warithi wake? Umeme ukikatika katikati ya kuandika, deni litakuwa limeingia au halikuingia? Na aliyekosea akafuta, je, kufuta kwake kutabaki na alama au kutapotea kabisa? Mwenye duka mwenyewe hajapata kuyafikiri yote haya, kwa kuwa miaka yote ameyaamua kichwani mwake, kila moja kwa wakati wake. Kompyuta haina kichwa hicho. Basi kuuliza, kuandika majibu, kumrudia mwenye kazi na kumsomea ili akubali au akatae, hilo ndilo fungu la kwanza la somo, nalo laitwa kukusanya mahitaji. Wengi huliona lachosha. Sisi twaona ndilo lililo zito kuliko yote.

Atakayesema kuwa twatia chumvi, na aisome khabari ya roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 4 Juni 1996. Haikutimiza dakika moja ikapotea njia na kuvunjika. Sehemu moja ya programu yake ilitolewa katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vyema. Sehemu hiyo iliweka mwendo wa roketi wa upande katika nafasi isiyochukua nambari kubwa kuliko 32,767. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, nambari ikazidi, hesabu ikaanguka. Kulikuwa na kompyuta ya pili ya akiba, nayo ikaanguka vile vile, kwa kuwa ilibeba programu ile ile. La kustaajabisha ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na faida yoyote baada ya roketi kuondoka chini. Hapana aliyeandika vibaya. Palikosekana wa kuuliza kama sharti la zamani lingali lafaa.

Na ya Therac-25 yasikitisha zaidi. Hiyo ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na baina ya 1985 na 1987 wagonjwa sita wajulikanao walipigwa mionzi iliyopita kiasi, baadhi yao wakafa. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Katika hii vizuizi hivyo viliondolewa, ikategemewa programu peke yake. Moja ya kasoro zake haikuonekana ila pale mwendeshaji mzoefu alipoandika na kusahihisha upesi upesi. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuijaribu programu yake kwa kutafuta kuivunja, si kwa kutafuta kujisifu. Na huambiwa kwamba majaribio yaweza kuthibitisha kuwa kosa lipo, wala hayawezi kuthibitisha kuwa halipo.

Ama vikao na wavivu, hapo kijana ana haki kidogo. Katika kundi hapakosi mmoja asiyeonekana mpaka siku ya mwisho. Lakini watu wanne wana njia sita za kupashana khabari, na watu kumi wana njia arobaini na tano. Hapo ndipo kazi huharibika. Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi, kwani wageni hufundishwa na wale wale waliolemewa. Ili kuzuia fujo, wanafunzi hutumia chombo kama Git, kilichotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko huandikwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, saa yake, na sababu yake. Sisi tuliosoma vitabu vyenye matini, sharhe na hashiya tulilifahamu jambo hili mara moja: msomaji ajua neno hili ni la nani, na nani aliliongeza baadaye. Na mvivu naye hujulikana humo bila ya kusengenywa.

Zipo pia taratibu za kupanga kazi, za zamani na zile za vipande vifupi vifupi zilizotangazwa na watu 17 huko Utah, Marekani, mwaka 2001. Hizo atazisoma, hazimshindi.

Jawabu letu kwa ndugu yetu ni kwamba mwanawe hakusema uwongo, bali ameeleza nusu ya alichokiona. Asiache. Amwendee mwalimu wiki hii, si mwisho wa muhula, amweleze khabari ya wenzake. Walimu tuliozungumza nao wasema malalamiko ya wiki ya tano hutengenezeka, na ya wiki ya kumi na tatu hayatengenezeki. Na akija likizo, mzee amkalishe dukani siku mbili na daftari la madeni, amwache aulize maswali yake yote, naye ayajibu bila ya kukasirika.