Je, redio za nje zinazolipwa na serikali ziaminiwe?

Swali: Idhaa za Kiswahili kutoka nje hulipwa na serikali zao. Habari zake ziaminiwe? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Idhaa hizo zilizaliwa na siasa. Redio Cairo ilianza mwaka 1954, ikishambulia ukoloni wa Uingereza; BBC ikafuata mwaka 1957, China 1961, Sauti ya Amerika 1962 na Deutsche Welle 1963, wakati wa Vita Baridi. Tanzania nayo haikubaki nyuma: Idhaa ya Nje ya Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO nafasi ya kusema na watu wao.

Kulipwa na serikali peke yake hakuifanyi redio kuwa ya uongo. La kupima ni nani mwenye kauli ya mwisho katika chumba cha habari. Sheria ya Marekani ya 1976 inaitaka Sauti ya Amerika itangaze habari sahihi zisizoegemea upande. Hata hivyo, Machi 2025, baada ya amri ya Rais Trump, watumishi wake walipewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Redio ya China, kwa upande wake, iko chini ya chama tawala.

Upendeleo hujificha zaidi katika kinachoachwa kuliko katika kinachosemwa. Msikilizaji aangalie kama redio huripoti kashfa za serikali inayoilipa, hutaja chanzo na husahihisha makosa yake. Habari nzito isikilizwe kwenye vituo viwili vyenye walipaji tofauti kabla ya kusambazwa.